Gari Lililomshinda Jirani

Jirani yangu hawezi kumaliza kikombe cha chai bila kutoka kufungua boneti. Hugusa bomba linalovuta hewa ya injini kwa nyuma ya kiganja, kama anayepima homa ya mtoto, kisha husonya. Bomba linapita karibu na ekzosi, hivyo gari huvuta hewa ya moto na kuchoka kila likipanda mlima. Amelikinga kwa matambara, kwa kibati, hata kwa mfuniko wa jikoni. "Sufuria nifunike kwa kofia yako?" mkewe humpigia kelele dirishani.

Mimi hununua magari yaliyowachosha wenyewe. Jana aliniambia, "Lichukue, jirani, limenishinda." Tukaenda kulijaribu mlimani. Asubuhi hiyo alikuwa ameuhamishia mdomo wa bomba mbele, nyuma ya taa, mbali na joto. Gari likapanda bila kukohoa. Nikakunja uso, nikasema linavuta kwa taabu, nikataja bei ya chini, maana gari zuri halisifiwi kabla ya kulipiwa. Hakunisikia. Kileleni aliruka nje, akafungua boneti, akagusa, akagusa tena.

"Baridi!"

"Basi naongeza bei kidogo," nikasema upesi.

"Unaongeza kwenye nini?" aliniuliza, akinishangaa kana kwamba mimi ni mpita njia anayetaka kununua gari lisilouzwa.