Mzimu wa Nyumba ya Tausi

Nyumba ya Tausi ilikuwa nyuma ya kwetu, Mengo, Kampala, ukuta kwa ukuta, na nusu ya hadithi zake nilizitunga mimi. Naanza na hilo kwa sababu watu wakiikumbuka nyumba ile huja kuniuliza mimi, na kwa miaka mingi nilifurahia kuulizwa.

Jina lilitokana na tausi wawili wa chuma juu ya mlango. Aliyeijenga alikuwa Mhindi muuza vitambaa. Tangu zamani ilisemekana mke wake wa kwanza alitumbukia kisimani uani, na kwamba adhuhuri, watu wakijipumzisha, bangili zake husikika zikigonga ndoo. Hiyo niliikuta. Mimi niliongeza harufu ya udi na paka mweupe asiye na kivuli, nikivisimulia bombani huku tukisubiri zamu ya maji. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na ulimi wangu ulikuwa mwepesi kuliko mikono.

Wahindi walipoamriwa kuondoka nchini, familia ile ilitoka na masanduku mawili, na ufunguo akapewa mwanajeshi. Naye alikaa wiki chache akahama, watu wakasema bangili zimemshinda. Baada yake ikawa inakuja gari isiyo na namba, mchana kweupe, inaingia uani, geti linafungwa. Ndipo sauti zikazidi. Mtaa mzima ulijua kwamba zile si bangili. Lakini ukisema ni mzimu, unaendelea kumenya ndizi zako. Ukisema jambo lingine, gari ile inaweza kuja kwako. Kwa hiyo tulisema mzimu, na mimi nikawapa mizimu ya kutosha.

Baba yangu alikuwa maalim. Wazee wake walitoka pwani na misafara ya biashara, na nyumbani tulijivunia Kiswahili chetu kupita kiasi. Masikio yake yalikuwa yamekwisha. Mtu akija na shida, mimi ndiye niliyeinama nikamrudishia maneno sikioni, kwa sauti kubwa na kwa Kiswahili kilichonyooka. Wengi walizungumza kile cha Kampala, cha kuchanganya r na l, na kabla mgeni hajafika barabarani nilikuwa nimeshamwiga jikoni. Baadhi ya watoto waliosoma kwa baba walikuwa wa askari, na baba zao walimheshimu. Mtaani kwetu hakukuwa na mwingine ambaye askari wangemsikiliza.

Kulikuwa na mama aliyetoka Kawempe kwa miguu kutuuzia muhogo. Siku moja, baada ya adhuhuri, alikuja bila kuita kama kawaida yake. Kapu lilikuwa bado limejaa. Alipiga magoti mlangoni mbele ya baba, machozi yanamtoka, akasema nami.

"Mwambie Sheikh, kwa ile nyumba ya tausi kuko mutu muzima. Mimi napita nyuma, yeye nagonga dirisha ya choo. Yeye naomba maji. Ile gari haiko siku tatu sasa."

Nilimwelewa. Nataka hilo liandikwe, kwa sababu baadaye niliwaambia watu kwamba sikumsikia vizuri.

"Anasema nini?" baba akauliza.

Akilini nikamwona baba akichukua fimbo yake, akisimama kwenye geti lile, na gari ikirudi. Mzaha, ambao siku zote ulikuwa karibu na mdomo wangu, ukawahi. Nikainama nikamwambia, "Anasema kwenye nyumba ya tausi kuna mzimu, baba. Anaomba ukamsomee."

Mama yule alikuwa na Kiswahili cha kutosha kusikia nilichobadilisha. "Hapana muzimu," akaniambia taratibu. "Muzima. Mu-zi-ma, mwanangu."

"Ndiyo, mama. Muzimu," nikamjibu kwa lafudhi yake, na wasichana wa chuo cha baba waliokuwa barazani wakacheka.

Basi baba akaitisha chetezo na ubani, akatoka. Nilidhani nimemkinga, kumbe alikwenda kwenye geti lile lile. Ningemwambia neno lilivyosemwa angekwenda pia, ila angebeba maji.

Watu walijaa barabarani. Baba alisimama mbele ya kufuli, amefumba macho, akasoma kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyeisikia mwenyewe. Moshi wa ubani ulipita juu ya ukuta. Alipofika katikati, ndani kukagongwa mara tatu, kwa udhaifu, chuma kwa chuma. Watu wakakimbia, nami nikakimbia nao. Baba hakusikia kitu, aliendelea kusoma. Mama wa muhogo peke yake alikwenda mbele, akaanza kuvuta lile kufuli kwa mikono miwili. Wanaume wawili walirudi wakamburuta pembeni, wakisema mzimu umempanda kichwani.

Kesho yake asubuhi gari ilirudi, ikaingia, haikukaa sana, ikatoka. Tangu siku hiyo nyumba ilinyamaza. Mtaa ukasema maalim amemfukuza mzimu, na wagonjwa wakaanza kuletwa kwetu hadi kutoka ng'ambo ya Mulago. Baba alifurahi. Mimi niliandika majina yao na kuwapanga barazani, nikiona haya kila aliponisifu kwamba namsaidia.

Mama wa muhogo hakuja tena kwetu. Baada ya miezi nilimwona akipita upande wa pili wa barabara, nikamwita kama tulivyozoea kuamkiana, "U mzima, mama?" Alinitazama kidogo, akaenda zake.

Baba aliugua miaka mingi baadaye, utawala ule ukiwa umeshaanguka na Nyumba ya Tausi ikiwa na wapangaji wapya. Alasiri moja nilikuwa namnywesha uji. Akaushika mkono wangu wenye kijiko.

"Yule mama wa muhogo," akasema. "Nimekuwa nikimfikiria. Mtu haleti habari ya mzimu huku analia vile. Alisema mzimu, au alisema mzima?"

Hakukuwa tena na askari wala gari. Hakukuwa na mtu wa kumchekesha. Alinigeuzia sikio lake, lile la kulia lililokuwa na nafuu kidogo, akangoja.

Nikainama. "Mzimu, baba," nikamwambia kwa sauti kubwa, na yeye akafungua mdomo, akapokea uji.