Boti Iliyozima Katikati ya Mtera

Sababu ya safari hii ni simu ya shemeji yangu. Tabitha, mdogo wake mke wangu, alikuwa nesi wa zahanati iliyoko upande wa pili wa Bwawa la Mtera, kwenye kitongoji ambacho kila mtu kule anakiita Ng'ambo. Barabara ya maana haifiki. Mgonjwa akizidiwa, anavushwa kwa boti hadi kituo cha afya kilicho upande wa lami. Mwaka huu walipewa boti mpya, yenye injini ya kisasa inayoongozwa na kompyuta, na akina mama wakaipokea kwa ngoma na vigelegele. Haikupita miezi miwili ikaanza kuzima katikati ya maji. Inalia alamu, inapoteza nguvu, inakata. Ukisubiri kidogo inawaka tena utadhani haikufanya kosa lolote.

Wiki tatu kabla ya simu hiyo ilizima ikiwa imembeba mama mjamzito aliyeitwa Leya. Alifia ndani ya boti, yeye na mtoto aliyekuwa tumboni.

"Shemeji, wanasema Yohana aliuza mafuta, akajazia maji," Tabitha aliniambia. Yohana ndiye dereva wa boti. "Kamati ya kijiji inakaa Ijumaa. Wakimtoa, hapa hakuna mwingine anayeiweza. Njoo uiangalie, hata kama hujui mambo ya boti."

Kweli sikujua mambo ya boti. Mimi ni fundi umeme wa magari, kazi yangu iko Miyuji, na kwetu ni Mlali, ambako maji mengi niliyoyaona utotoni ni ya lambo la ng'ombe. Lakini injini ni injini, na tangu mwanzo nilikuwa nikimwelekeza Tabitha kwa simu huku nimekaa barazani na chai yangu. Badilisheni plagi. Badilisheni chujio. Mwageni mafuta yote muweke mapya. Waliofunga boti wakaja wakabadilisha hata kompyuta yenyewe. Kila kitu kilibadilishwa, na boti ikaendelea kuzima. Katika muda wote huo niliagiza tu, sikuuliza swali hata moja.

Jumatano, saa kumi na mbili asubuhi, nilitoka nyumbani na begi la vifaa begani na betri yangu ya kufanyia majaribio mkononi. Betri ile ni nzito, na mgongo wangu si wa kijana. Mke wangu alinifungia chapati kwenye kitambaa akanisindikiza hadi barabarani.

"Mwambie Tabitha asijilaumu," alisema.

"Ajilaumu kwa lipi? Hiyo ni mashine."

"Wewe mwambie tu."

Nilipanda basi la Iringa. Kondakta alipoiona betri alicheka. "Baba, huyo mtoto wako mzito, mpakate mwenyewe." Nikampakata. Tulipita Mpunguzi, tukapita Mlowa, na kila tulipokwenda mashamba yalizidi kuwa ya kusikitisha. Mtama ulikuwa umekauka ukiwa na urefu wa goti. Watu wameuacha shambani, kwa sababu kuukata nao ni kazi. Manzase basi lilisimama kushusha magunia. Mwanamke aliyekaa jirani yangu akaniuliza naenda wapi na betri. Nilipomwambia Ng'ambo, aliniangalia, akasema, "Kule kwenye ile boti," kisha akageukia dirishani. Habari za Leya zilikuwa zimeshafika mbali.

Saa nne na nusu nilishuka Mtera. Ambaye hajafika asidhani ni mahali pa kupigia picha. Maji ni ya kijivu, na ndani yake imesimama miti mikavu isiyo na jani wala gome, mamia kwa mamia, iliyokufa tangu bwawa lilipojazwa. Kando yake wachuuzi wameanika perege kwenye vichanja. Upepo unaleta harufu ya samaki na vumbi kwa pamoja. Nilisimama pale nikatamani kurudi nyumbani, na nasema ukweli.

Yohana alinifuata hapo. Ni mwanamume wa miaka kama thelathini na mitano, mwembamba, anayesema kwa sauti ya chini. Alinisalimu kwa Kigogo na Kiswahili pamoja.

"Mbukwa, fundi. Shikamoo."

"Marahaba. Mbukwa."

Alinipokea betri kwa mikono miwili. Hakuiweka chini mara moja. Aliitazama, akaigeuza, akasoma maandishi yake, ndipo akaipeleka botini.

Kuvuka kulichukua karibu saa nzima, na nilishika ukingo wa boti muda wote. Injini iliimba vizuri. Tulipokuwa katikati nilimwambia apunguze mwendo, nikachomeka kompyuta yangu ya kupimia. Hizi injini za kisasa zina kumbukumbu. Zikipata hitilafu zinaiandika, na fundi akichomeka kifaa chake anaisoma. Nilitegemea kukuta orodha. Nilikuta patupu. Injini iliyozima mara saba ilikuwa haikumbuki hata mara moja.

Hapo, lazima niseme, nilianza kumshuku Yohana mimi mwenyewe. Mashine isiyokumbuka kosa pengine haikukosa.

"Mbona leo haizimi?" nilimuuliza.

"Leo haitazima, fundi."

"Umejuaje?"

Alizunguka mti mmoja mkavu, kisha mwingine. "Nimeizoea tu," alisema.

Mchana huo Tabitha alitukaribisha kwa ugali wa uwele na mlenda, lakini yeye mwenyewe alikula matonge mawili akaacha. Alikuwa amekonda. Zahanati yake ina vyumba vitatu, imefagiliwa vizuri, na kwenye kile cha kujifungulia kuna kitanda kimoja na taa moja inayoning'inia. Kabla hatujanawa aliingia mwenyekiti wa kitongoji, mzee wa makamo mwenye koti. Nilimwamkia, akaitikia, wala hakukaa.

"Fundi, sisi hatutaki maelezo marefu. Tunataka neno moja. Ni mashine au ni mtu?"

"Nipe kesho," nilisema.

Alhamisi, tangu jua kuchomoza, nilikuwa ndani ya boti. Nilitoa mafuta kidogo nikayatia kwenye chupa, nikayaacha yatulie. Maji hayakuwemo hata tone. Nilivuta waya mmoja mmoja. Niliiacha injini ikinguruma kwa saa tatu imefungwa kwenye kigingi, nikaitikisa, nikaimwagia maji, nikaifunika turubai ipate joto. Haikuzima. Watu walikuja kutazama, wakasimama, wakaondoka. Wengine walikuwa ndugu zake Leya, na hakuna aliyenionyesha ni akina nani. Kufikia alasiri nilikuwa nimechoka na nimeishiwa maarifa, na kichwani nilishaanza kuitunga sentensi ya kumtoa Yohana kazini.

Saa kumi na moja jioni Yohana aliingia botini, akafungua nati za betri kwa vidole, akaibeba begani, akaanza kupanda mlima.

Niliendelea kufuta mikono. Niliona akibeba betri, na sikuona kitu. Huku kwetu betri haiachwi nje. Ya mashine ya kusaga inalala uvunguni mwa kitanda, ya trekta inalala ndani, hata mimi Mlali nilipokuwa kijana nilibeba ya baba kila jioni. Nani atamwambia fundi jambo kama hilo? Ni sawa na kumwambia kwamba tunafunga mlango.

Kisha nikaiangalia ile kompyuta yangu iliyokosa habari, ndipo nikaelewa. Injini ile ikitolewa betri, kumbukumbu yake inafutika. Kila jioni walikuwa wakiifuta wenyewe. Na betri inayofungwa kwa vidole kila asubuhi haikazwi vya kutosha.

Nilimfuata. Nilidhani anaelekea kwake. Akaipita njia ya kwake, akashika ya zahanati.

"Yohana! Betri inakwenda wapi?"

Alisimama akiwa amenipa mgongo. "Fundi, andika kompyuta imeharibika."

"Nimekuuliza betri."

Aliishusha polepole juu ya jiwe. "Betri ya sola ya zahanati ilikufa. Paneli ni nzima, betri ndiyo ilikufa. Nesi alikuwa anazalisha kwa tochi ya simu, ameiuma kwa meno. Nikaona boti usiku haina kazi, betri yake ikalale wodini. Asubuhi naishusha."

"Na usiku ukiwa na mzazi?"

"Kesho yake inazima."

"Ulijua?"

"Mwanzo nilihisi. Siku ya Leya ndiyo nilijua." Alikaa chini karibu na betri. "Leya alikuwa na uchungu usiku kucha. Taa iliwaka usiku kucha. Asubuhi nesi akasema hapa haiwezekani, tuvuke. Nikaifunga betri haraka haraka. Injini iliwaka kwa taabu. Tulipofika kwenye miti ikalia ile alamu yake."

"Sasa mbona umenyamaza? Kesho wanakutoa!"

"Wakinitoa mimi, nitavua samaki. Lakini nesi akijua kwamba ile taa..." Aliweka mkono juu ya betri. "Andika kompyuta, fundi. Nakuomba."

Nilikaa kwenye jiwe na mimi. Sikuwahi kuombwa kudanganya na mtu asiyejitetea yeye bali anayemkinga mwingine, na niliona aibu kwa yale niliyokuwa nimemfikiria saa chache tu zilizopita. Ningeweza kuandika. Mashine haina mke wala shemeji, haiwezi kulia. Lakini wangeletewa kompyuta nyingine, na betri ingeendelea kupanda na kushuka mlima ule, na siku moja angekuwepo Leya mwingine. Usiku huo sikulala vizuri.

Ijumaa asubuhi, kabla ya kikao, niliibeba betri yangu ya majaribio hadi wodini, nikaiunga kwenye paneli na kwenye taa. Tabitha alikuwa akipanga vifaa.

"Shemeji, umetuletea zawadi?" alisema, na kwa mara ya kwanza tangu nifike alitabasamu.

"Hii ibaki hapa. Ya boti isitoke tena botini."

"Kwa nini?"

Nikaanza kumweleza kama ninavyowaeleza madereva Miyuji. Nilisema injini hizi za kompyuta haziwezi kuishi na umeme mdogo, pampu ya mafuta inakosa nguvu, betri ikiwa imechoka na nati zake zimelegea, kompyuta inachanganyikiwa na kukata kila kitu. Nilisema kwa kirefu nikiangalia nyaya. Sikufika mwisho.

"Usiku wa Leya," alisema.

"Ndiyo."

Alikwenda ukutani akabonyeza swichi. Taa ikawaka. Akaizima.

"Hata palipopambazuka niliiacha inawaka," alisema. "Nilikuwa naandika karatasi yake ya rufaa. Mwanga wa nje ulikuwepo. Nilisahau tu."

Nilimwambia asijilaumu. Yalikuwa maneno ya dada yake, niliyabeba kutoka Miyuji pamoja na chapati, na yalipotoka mdomoni mwangu yalikuwa hayana uzito wowote.

Saa nne kikao kilianza nje ya zahanati. Nilisimama nikasema mafuta yalikuwa safi, injini ni nzima, Yohana hakuiba. Tatizo ni betri moja kupewa kazi mbili.

Mwenyekiti aliuliza, "Nani aliipa kazi mbili?"

"Ni mimi niliyeibeba," Yohana alisema.

"Ni mimi niliyeiwasha," alisema Tabitha. Alikuwa amesimama mlangoni na sare yake nyeupe.

Hakuna aliyemlaumu. Labda wangemlaumu ingekuwa nafuu. Wanawake watatu waliokaa mbele walikuwa wamejifungua chini ya taa ileile, watoto wao mgongoni, na waliinamisha macho. Mtu mmoja nyuma, ambaye baadaye niliambiwa ndiye mume wa Leya, aliinuka, akavaa kofia yake, akaondoka bila kuaga. Kamati ikaamua Yohana aendelee na kazi, na betri ya boti ifungwe ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli. Kikao kikaisha.

Jumamosi Yohana alinivusha. Nilikuwa nimezikaza nati za betri kwa spana mwenyewe. Tulipofika kwenye miti mikavu alipunguza mwendo bila kuombwa. "Ni hapa," alisema. Injini iliendelea kunguruma vizuri, na sisi tukapita.

Jioni nilifika Miyuji. Mke wangu alinipokea begi, akaona mkono mwingine mtupu.

"Betri iko wapi?"

"Nimeiacha kwa Tabitha."

"Ulimwambia nilichokuagiza?"

Nilisema nilimwambia. Nikaenda kuoga.

Siku hizi gari likiletwa kwangu, sikimbilii kuchomeka kompyuta. Namuuliza mwenye gari kwanza linalala wapi, na likilala nani analitumia. Wengine hucheka, wanadhani fundi amezeeka. Nawaacha wacheke. Mashine inasema inachokijua, mengine yote wanayajua watu, na watu hawasemi wasipoulizwa. Wakati mwingine wanaulizwa na bado hawasemi, kwa kumhurumia mtu.

Juzi Yohana alinipigia. Boti haijazima tena. Betri yangu iko wodini imejaa, lakini taa haiwashwi, kwa kuwa nesi mpya bado hajaletwa. Tabitha aliomba uhamisho, akapewa, na Yohana ndiye aliyemvusha, na godoro lake na sanduku lake. Nilimuuliza injini ilikuwaje siku hiyo.

"Haikukohoa hata mara moja, fundi," alisema.