Utani Mbele ya Korona

Mkono wa mume wangu uliliwa na korona asubuhi, mimi nikiwa uwanjani naanika singa. Korona ndiyo mashine inayosaga majani ya mkonge mpaka zibaki nyuzi nyeupe, hizo tunazoziita singa. Kazi ya mume wangu ilikuwa kuyapanga majani kwenye mdomo wa mashine hiyo. Nilisikia mngurumo ukibadilika, ukawa mzito kama mashine inatafuna mfupa, na kweli ilikuwa inatafuna mfupa. Nilipofika, wenzake walikuwa wamemkumbatia kiunoni wanamvuta huku, mashine inamvuta kule, na singa zinazotoka upande wa pili zilikuwa nyekundu. Fundi alipoizima, kuanzia kiwiko hapakuwa na kitu cha kuzika.

Hospitalini Kilosa walikata kilichobaki. Wakati huo mashamba yalikuwa yametaifishwa, mzungu ameondoka, na kila mkutano tuliambiwa kiwanda ni chetu. Chetu! Kilikuwa chetu kwa jasho tu. Meneja mpya, Mwafrika mwenzetu, ndiye aliyeamuru kinga ya chuma kwenye mdomo wa korona ing'olewe, eti inapunguza kasi. Sasa akaiambia kamati ya wafanyakazi kwamba mume wangu alikuja kazini amelewa. Mlevi hana fidia, na asiye na kazi hana nyumba kambini. Mume wangu, mtu wa kijiji cha Tindiga, swala tano, hata togwa iliyolala ikachachuka alikuwa haonji! Kamati ikainamisha vichwa. Nilipoambiwa, damu ilinichemka.

Meneja yule alikuwa mtani wetu. Kabila lake na letu hutaniana tangu enzi za misafara, na mtani hakasirikiwi. Alipohamia tu, aliingia uani kwangu mchana kweupe, akamkamata jogoo wetu, akaondoka naye akicheka. Mume wangu naye akacheka. Ndiyo mila.

Nikamfuata kiwandani. Alikuwa amesimama na wanakamati, korona inanguruma, kinga bado haijarudishwa.

"Shikamoo, mtani," nikasema, nikapiga goti.

"Marahaba. Umekuja kulipiza jogoo?"

Watu wakacheka. Nikamshika kifundo cha mkono.

"Nimekuja unifundishe, mtani. Umesema anayeliwa ni mlevi. Hebu nionyeshe mkono wa mtu asiyelewa unavyopita hapo."

Alicheka, akanifuata kwenye korona. Hakuna aliyetuzuia; nani aingilie mtani na mtani wake? Lakini mimi nilizoea kubeba matita ya singa mbichi, yeye alizoea kalamu. Alipotaka kujinasua hakuweza. Nilimburuta, kofia ikaanguka, nikaikanyaga. Nikamkandamiza kwa kifua changu juu ya majani yaliyokuwa yakienda mdomoni, na mkono wake ukaanza kwenda nayo. Maji ya mkonge yalituwasha usoni. Nilimchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu.

"Niache! Mama, niache! Hakuna kinga hapo! Hata asiyelewa analiwa! Sikumwona amelewa, nilisema tu!"

Fundi akaizima. Kelele za meneja zikabaki peke yake katika kiwanda kizima. Mwenyekiti wa kamati akaokota ile kofia, akampa, akasema, "Tumesikia, bwana meneja."

Afisa kazi alipokuja kutoka Morogoro, kila mtu alitaka kuwa shahidi. Fidia ilitoka, nyumba tukabaki nayo, na kinga ikarudishwa. Meneja hakunishitaki. Aliwaambia watu kwamba yale yalikuwa utani, akajilazimisha kucheka.

Jioni ya siku ile niliyomburuta meneja, nilikwenda hospitalini na uji. Nikimlisha mume wangu kwa kijiko, nilimsimulia yote. Alicheka mpaka kidonda kikamuuma, kisha akaniuliza:

"Na kama asingesema?"

"Ningemsukuma," nilimwambia.

Alinitazama mikono muda mrefu, halafu akafungua kinywa, nikamlisha.