Paka Niliyemwazimisha

Paka alikuwa wa mke wangu. Mke wangu alipofariki, nikaendelea kumwekea chakula kwa sababu sahani yake ilikuwa pale pale jikoni.

Mwaka juzi akaanza kukonda, ufizi ukawa mweupe. Nikamfunga kwenye kikapu, nikampeleka kwa daktari wa mifugo Kasulu mjini. Daktari akamtoa tone la damu, akaliweka kwenye kipimo kidogo kama kile cha malaria. Akaniambia ni virusi vya saratani ya damu ya paka. Dawa ya kuviondoa hakuna, binadamu havimpati, lakini paka humwambukiza mwenzake kwa mate.

"Mzee, huyu asitoke nyumbani. Asile sahani moja na paka mwingine."

Nikaitikia. Nilisoma hadi kidato cha nne. Siwezi kusema sikuelewa.

Nilimpikia supu ya dagaa na kuwapondaponda kwa kijiko. Siku nyingine alikula. Siku nyingine alitazama ukuta tu, na mimi nikautazama.

Baada ya mavuno ya maharage dada yangu akapiga simu kutoka Nyakitonto. "Kaka, panya wamehamia kwangu na familia zao. Paka wangu ananyonyesha, hawindi. Niletee wako."

Kwetu paka huazimwa kama jembe. Anayemnyima mwenzake husemwa msimu mzima. Ningeweza kusema anaumwa, ila nilijua watu wa kwa dada wangeogopea watoto wao na kuniambia nimtupe. Nikampeleka. Nilijitetea moyoni kwamba ni wiki mbili tu. Nilipoondoka, paka wote wawili walikuwa wanalamba sufuria moja ya uji. Niliwaona.

Wangu alirudi akiwa mifupa. Miezi michache baadaye watoto wa paka wa dada wakafa mmoja mmoja, kisha mama yao.

Dada akaamua kuwa jirani yake ametega sumu. Jirani huyo ni mjane. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi zamani, na yeye ni raia kama sisi. Miaka yote yeye na dada walikuwa wakilimiana mashamba kwa zamu. Sasa hata salamu ya "mwakeye" ya asubuhi ikakoma.

"Nimemwambia arudi kwao," dada akaniambia kwenye simu.

"Kwao ni wapi?"

"Kaka, usinianze."

Sikumwambia ninachokijua. Nilinyamaza hadi paka wangu alipokufa, nikamzika nyuma ya choo, na baada ya hapo nikanyamaza mwezi mwingine. Sikulia. Niliosha sufuria ya supu yake.

Hatimaye nikapanda pikipiki hadi Nyakitonto. Dada alikuwa anapepeta maharage. Nikamweleza yote: kipimo, maneno ya daktari, sufuria ya uji.

Hakuacha kupepeta. "Ulijua siku ile unamleta?"

"Nilijua."

"Na siku nilipokupigia kuhusu huyu mama jirani?"

"Nilijua."

Akaweka ungo chini. "Basi mzee mzima, ondoka uende ukamwambie mwenyewe. Mimi siwezi kumtazama."

Nikaenda. Yule mama alikuwa shambani kwake, analima peke yake, nusu ya shamba ikiwa bado majani. Alinisikiliza akiwa ameegemea mpini.

"Nimekusikia, baba," akasema. Kisha akainama, akaendelea kulima.

Nikamwomba jembe la pili, tulime wote. Akasema hana.