Wakili Okot Hakutuuza

Jamani, Okot? Okot huyu huyu? Akili imekataa. Jana nilibonyeza namba yake kabisa nimuulize mazishi yake ni wapi. Ndiyo hali niliyo nayo.

Kwa msionijua, mimi ni Mama Neema, Mkongomani wa Kisugu. Nauza samaki wakavu, na nilikuwa mwenyekiti wa wachuuzi wa kando ya barabara, Kalerwe. Vibanda vyetu vilivunjwa. Wakili aliyevipigania ameondoka wiki hii kwa presha, ghafla, akiwa nyumbani kwake.

Baba yake alikuwa mwanajeshi kutoka kaskazini, yeye akakulia kambini. Kiswahili chake kilikuwa cha kambi hasa, cha kuamrisha na kuchekesha. Sisi tulimwita Metre, kama tunavyowaita mawakili kwetu. Alijifanya hapendi.

Siku ya kwanza alikuja na viatu vya court kwenye matope yetu. Tulikuwa tumepewa notisi tuondoke, serikali inapanua mtaro. Akakalia kreti la soda.

"Sikiliza. Jaji sasa hataki kujua nani mkweli. Hiyo iko kesi kubwa, itakuja nyuma. Sasa anauliza tu: kuna kitu ya kubishania kweli? Wakivunja leo na kesho nyinyi mushinde, itawezekana kurudisha? Na tukingoja, nani ataumia zaidi?"

Mimi nikauliza, "Sasa akisema wasimame, si ndiyo tumeshinda?"

"Hapana, mama! Mnagombania kuku, na mwenzako ameshika kisu. Jaji anasema tu weka kisu chini. Hajasema kuku ni ya nani. Na wewe pia usianze kumnyonyoa!"

Tulicheka mpaka machozi.

Mahakamani wakili wa serikali alisema mvua inakaribia, mtaro ukichelewa nyumba za bondeni zitafurika. Hata mimi niliona ana hoja. Okot akasimama. Mtaro unaweza kuanzia upande wa juu, akasema, lakini vibanda vikishavunjwa na wateja wakishatawanyika, hakuna hukumu itakayowarudisha.

Jaji akamuuliza: watu wako watabaki walivyo, bila kuongeza hata ubao? Okot akageuka akatutazama. Akajibu kwamba anaahidi kwa jina lake mwenyewe.

Tukapata amri ya muda. Serikali isiguse, nasi tusiongeze, mpaka kesi isikilizwe.

Jumapili nikatoa ushuhuda kanisani. Mnatujua sisi walokole, neema haikai kimya mdomoni. Nikashika maikrofoni nikasema Mungu ametupa kiwanja! Vigelegele, ngoma, mchungaji akatuambia tusiogope kupanuka.

Mchana huohuo nyundo zikaanza. Kila mtu akasogeza meza mbele, mabati mapya yakafika juu ya mtaro wenyewe. Wengine wakaita ndugu zao kutoka Nakawa waje wachukue nafasi. Tuliona tunaitikia baraka. Hakuna aliyempigia Okot, na mimi mwenyekiti nilikuwa nashikilia ngazi.

Wakili wa serikali alirudi na picha. Jaji akazitazama, kisha akamtazama Okot. Sijawahi kuona mtu mzima akiinamishwa shingo namna ile mbele ya watu.

Jaji alisema anayeomba mahakama imlinde aje na mikono safi. Akaiondoa amri.

Kimoyomoyo nilimwomba Okot aseme kwamba alituonya. Angesema tu! Akasema kosa ni lake, hakutueleza vizuri.

Nje nilianza kulia. "Mama Neema," akasema, "kwanza toa samaki yako kabla tingatinga haijafika. Kulia tutalia nyuma." Na asubuhi alikuja mwenyewe, na tai shingoni, akabeba mabenchi yetu begani.

Halafu nini kilifuata? Wachuuzi wakaanza kusema kwamba alinunuliwa. Amekula kwa serikali, ndiyo maana hakutetea. Nilikuwepo wakisema. Wengine wetu tulinyamaza, maana uongo huo ulikuwa unatupumzisha.

Hata leo, chini ya picha yake, mtu ameandika: "Mungu amsamehe aliyowafanyia wachuuzi." Nimesoma nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Lakini hiyo si kitu. Ngojeni niwaambie la jana.

Nilienda msibani kumpa pole mke wake. Akanitangulia. Akanishika mikono yote miwili mbele ya waombolezaji.

"Wewe ndiyo mama ya Kalerwe? Tafadhali, mutusamehe. Aliniambia alishindwa kuwaeleza vizuri. Ilimusumbua sana."

Mjane! Mwenye msiba ndiye ananiomba mimi msamaha! Kumbe hata nyumbani kwake hakutusema.

Na unajua nilimjibu nini? Nilisema, "Aksanti." Basi. Nikaketi, nikanywa chai ya watu.

Kwa hiyo nasema hapa, wachuuzi wenzangu mkiwepo. Okot hakununuliwa. Alitueleza, tena kwa Kiswahili, tena tukacheka. Sisi ndio tuliovunja neno lake, na jaji alituadhibu kwa haki. Anayebisha aje inbox, nitamkumbusha ubao wake ulikuwa wapi.

Metre, uliibeba aibu yetu ukaingia nayo ndani kwako, ukamwambia mkeo ni yako. Kesho, kabla gari halijakupeleka kaskazini, tunakuja na wenzangu kuichukua, mbele yake na mbele ya watoto wako.

Lala salama, Okot. Mikono yako ilikuwa safi.