Kuku wa Wageni

Jumamosi, mwezi wa saba, 2008. Baridi na manyunyu tangu asubuhi. Matope meusi ya mtaa wetu wa Noonkopir yalikuwa yanang'ang'ania viatu.

Watu wa kanisa walikuja kuombea nyumba yetu, kwa sababu Jumapili mume wangu alikuwa afanywe mzee wa kanisa. Nilichinja jogoo, nikapika chapati. Yeye alisema amalizie kazi ya ofisi kidogo, akaingia chumbani kwenye kompyuta, akarudisha mlango.

Desturi yetu ni kuombea kila chumba. Mimi sikumwambia mama mchungaji aache kile cha kulala, na yeye hakuwa na ubaya. Alibisha, akafungua huku anaimba. Tukaona karata kwenye kompyuta, na pesa zimeandikwa kando. Wimbo ukakatika.

Mume wangu hakukataa. Alisema ni kamari ndiyo, anacheza kwa mshahara wake, na watoto hawajawahi kulala njaa. Hiyo ni kweli, lazima niiandike. Mzee mmoja akauliza kwa upole kama serikali inaruhusu. Akajibu kwamba kasino za Nairobi ziko na leseni, lakini hii ya kuchezea nyumbani hajui sheria inasema nini.

"Lakini mlango nilikuwa nimefunga," akasema. "Mtu kwake si ako na haki?"

"Haki uko nayo, baba," mama mchungaji akamwambia. "Lakini mzee wa kanisa hana mlango."

Hakuna aliyemtusi. Waliomba kwa ufupi, wakavaa viatu vyao vya matope. Pale geti yule mzee akaniambia mambo ya Jumapili yangoje kwanza. Kuku hawakumgusa. Kwetu magharibi, mgeni akiacha kuku ameacha neno.

Mimi niliishia darasa la nane, sheria siijui. Nikisema walikosea kuingia, mbona niliwakaribisha mwenyewe? Nikisema yeye alikosea, mbona kodi ililipwa na karo pia? Labda sioni vizuri. Kilichoniuma ni kwamba chumba hicho ni changu pia, na nilijua saa ile ile na wageni.

Jioni tulikula kuku wao kwa ugali, chapati zikabaki. Nilimwekea firigisi, ambayo kwetu ni ya mwenye nyumba. Aliiangalia, akairudisha kwenye sufuria, akala mchuzi.