Mtu wa Kapteni

Miaka ile ya mwisho ya tisini tuliishi katika fleti moja katikati ya Durban, mimi, mume wangu na watoto wetu, na kwenye balkoni tulimpangisha mwanajeshi kutoka Afrika Magharibi. Balkoni yenyewe tulikuwa tumeizungushia mbao na plastiki ili mvua isiingie. Sisi tulitoka Uvira, Kongo. Yeye alitoka nchi ambayo kabla ya hapo niliijua kwa mpira wa miguu tu. Tulimwita Sajini, kwa sababu ndicho cheo alichokuwa nacho jeshini, na mwenyewe alipenda kuitwa hivyo.

Mchana alilinda magari ya wateja mbele ya duka la samani. Alivaa kizibao cha rangi ya machungwa na kusimama wima kana kwamba analinda ikulu. Watu wa fleti walimtania kwa hilo, mpaka jioni moja tulipokuwa tunaangalia taarifa ya habari. Walionyesha mkutano wa marais wa Afrika. Sajini akainuka, akaenda kugusa kioo cha televisheni kwa kidole.

"Ule! Ule mwenye bubu nyeupe, kanzu kubwa ile. Ule ni Kapteni wangu."

Mume wangu, aliyekuwa ametoka kazini kwenye viwanda vya Jacobs na viatu bado viko miguuni, akacheka. "Kapteni gani anavaa bubu?"

"Papa, ni hapo mambo iliharibika," Sajini akasema. "Siku alivua uniforme."

Tangu siku hiyo alitusimulia habari za mtu yule kidogo kidogo, nusu Kifaransa, nusu Kiswahili alichokiokota kwetu. Kapteni alikuwa mtoto wa mchimba visima. Kisima kilimfukia baba yake, na jeshi likamchukua mtoto kwenye shule yake kwa sababu alikuwa na akili na hakuwa na mtu. Alipokuwa afisa, alikula baada ya askari wake kushiba. Mara moja, mpakani, katika jangwa, gari lao liliharibika na Sajini akashikwa na homa kali. Wengine walitaka wamwache chini ya gari, waende kutafuta msaada. Kapteni alimbeba mgongoni.

Kisha wanasiasa wa kwao wakagombana mpaka shule zikafungwa na hospitali zikabaki bila dawa. Asubuhi moja Kapteni na wenzake wakachukua ikulu bila kufyatua risasi. Sajini alikuwa nyuma yake alipokwenda kusoma tangazo kwenye redio. Kapteni alisema wao si wanasiasa. Watatengeneza nyumba, halafu watarudi kambini.

"Mimi niliamini," Sajini alituambia. "Niliamini kama ninavyoamini sala ya alfajiri."

Mimi nilimsikiliza huku nikisuka nywele za mteja, na moyo ukawa mzito. Kwetu nako, mwaka ule aliokuwa akitusimulia haya, askari walikuwa wameingia mji mkuu na Wakongo wa jengo letu walicheza mpaka jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio. Mimi sikucheza. Nilikuwa nimewaona askari wale wakipita Uvira.

Uchaguzi ulipofika, Kapteni akavua sare, akagombea mwenyewe. Kura zilipoanza kumwendea vibaya, simu zikakatwa, waliokuwa wanazihesabu wakafukuzwa na wakaletwa wengine. Siku chache baadaye Sajini alimkuta ofisini akifunga kamba za viatu, akamwuliza, "Mon capitaine, kambini tunarudi lini?" Kapteni alicheka, akamwekea mkono begani. Akamwambia, "Wewe ni ndugu yangu. Kwa hiyo nakuonya: swali hilo usiniulize tena."

Wiki haikuisha, rafiki mmoja wa ikulu akamnong'oneza aondoke kabla hawajamfuata. Akamwacha mke akiwa mjamzito, akavuka mpaka, na kutoka nchi moja hadi nyingine akafika Durban. Mtoto wake wa kike alimjua kwa sauti ya simu tu, ile simu ya saluni nilikofanya kazi, ambako mke wake alimpigia Jumapili.

Habari ya kifo ilikuja asubuhi, kwenye redio ya Kifaransa. Nilikuwa nachemsha maji ya chai. Mtangazaji alisema rais ameuawa katika uwanja wa ikulu na walinzi wake mwenyewe, na luteni mmoja ndiye ameshika madaraka. Nilitazama balkoni nikidhani Sajini atamshukuru Mungu. Aliyemfanya mkimbizi alikuwa amekufa. Badala yake alikaa chini sakafuni, povu la kunyolea bado liko shavuni, akalia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mwanamume.

"Walimupiga risasi mbele ama nyuma?" akaniuliza, kana kwamba mimi nilikuwepo. "Mama, redio imesema? Mbele ama nyuma?"

"Haikusema, Sajini."

"Kama ningekuwa pale wasingemugusa."

Mume wangu alikasirika. "Mutu yule alitaka kukuua!"

"Ndiyo, Papa. Lakini kwanza alinibeba."

Siku ile hakwenda kulinda magari. Kesho yake akapoteza nafasi. Alikuta kijana mwingine amevaa kizibao chake. Muda wa kibali chake cha ukimbizi nao ulipoisha, alikwenda ofisini kuongeza, akarudi kwa miguu, jasho likimtoka. Afisa alikuwa amemwambia kwamba mtu aliyemkimbia amekufa, basi hana tena sababu ya kukaa Afrika Kusini. Alimpa muda mfupi wa kujitayarisha.

Nilimwomba asiende. Nilimwambia ajifiche Pinetown kwa Watanzania aliokuwa akisali nao, kuna viwanda, watamtafutia kibarua.

"Huyu luteni mpya namjua," akasema. "Ni mimi nilimfundisha kushika bunduki. Amesema watarudi kambini."

"Nani amekuambia?"

"Amesema kwenye redio."

"Na wewe unaamini tena?"

Macho yake yalikuwa ya mtu aliyechoka sana. "Siamini, Mama. Lakini nitafanya nini? Hapa vijana wananitukana kwerekwere kwa sababu ni mgeni, hata nikisimama kwenye taa ya robot nangojea kuvuka. Ofisi inasema niende. Kule iko mtoto wangu. Kufa kwa kufa, heri anione."

Wale Watanzania wa msikitini walichanga wakamnunulia tiketi ya ndege. Tulimsindikiza kwenye basi la Johannesburg, ambako angepanda ndege. Alikuwa amevaa suti ya mitumba iliyomkaa vizuri, na aliwapigia watoto wangu saluti wakacheka. Mimi nilishindwa kucheka.

Baada ya Jumapili mbili simu ya saluni ikalia. Nilishika mkono wa simu kwa vidole vyenye mafuta ya nywele. Alikuwa mke wake. Aliniuliza kwa Kifaransa cha upole kama mume wake ameahirisha safari, kwa maana walikwenda uwanja wa ndege wakangoja mpaka taa zikazimwa. Nilimwambia tulimpandisha basi wenyewe. Nilimsikia akimweleza mtu wa pembeni kwa lugha yao, na yule mtu akaanza kuomboleza.

Alipopiga tena alikuwa amepata habari. Mfagiaji wa uwanja alimwona Sajini akishuka kwenye ndege. Watu wawili waliovaa kiraia walimshika mikono huku na huku, kama wanaomsaidia mgonjwa, wakamwingiza kwenye gari.

"Wanajeshi wanasema ni mtu wa Kapteni," akaniambia. "Niliwaeleza kwamba Kapteni ndiye aliyemfukuza. Walinicheka, madame. Wakasema kila mtu sasa anadai alifukuzwa na Kapteni."

Aliendelea kupiga. Alikwenda kila kambi, kila gereza, akaambiwa jina hilo halipo. Sikuwa na la kumpa isipokuwa kupokea simu. Mara ya mwisho aliniomba nimweleze jinsi mume wake alivyokuwa siku za mwisho, kwa sababu msichana anauliza na yeye ameanza kusahau. Je, alikonda? Alikuwa na mvi?

Nilimwambia mvi zilianzia kidevuni. Nilimwambia alikonda kidogo, lakini alisimama wima. Yeye alirudia kila neno kwa lugha yao, polepole, na nilisikia mtoto akiyafuatisha.

Baada ya hapo hakupiga tena. Balkoni tulimpangisha mshona nguo kutoka Bukavu. Sajini, mke wake na mtoto wao, sijui waliishia vipi, na yule luteni, nijuavyo, hakurudi kambini.